Una shahada ya sheria, Law School imekwama: pa kuanzia kazi ukiwa Tabora

Ukirudi Tabora na shahada ya sheria, mtaa unakupa uwakili kabla hujatua begi. Baba mdogo ana mgogoro wa shamba Sikonge. Jirani anataka "kamkataba" ka chumba. Mama muuza karanga wa stendi amepewa karatasi za mkopo, anaomba umsomee. Wote wanakuita wakili, na wewe huna moyo wa kuwaambia kwamba hujaingia Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ile tunayoiita Law School, kwa kuwa ada haijapatikana. Au uliingia, na matokeo yakaja mabaya.

Mimi nilikaa hivyo miezi minane, Ng'ambo, kwa shangazi. Asubuhi nilivaa shati la kupigwa pasi, nikatoka kama mtu anayewahi kazini, nikaenda kukaa chini ya miembe hadi jua lipungue. Mwongozo huu ni wa aliye kwenye mwezi wa kwanza wa hali hiyo, asije akafika wa nane.

Usijione umelaaniwa. Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo ya Law School: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Lango lile ni jembamba, na wengi waliokwama pale wana akili timamu na walisoma kwa bidii.

Hatua ya 1: Chora mstari kabla hujashika kalamu

Nunua daftari. Ukurasa wa kwanza uandike yale usiyoruhusiwa kuyafanya, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoungua.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye wakili kufanya kazi ya uwakili, kujifanya wakili, na kuandaa kwa malipo hati za kesi au hati zinazohusu mali. Ni kosa la jinai. Muhuri wa kiapo nao usiuguse, hata kama rafiki yako wakili amekuachia ofisi ukae wakati yeye yuko safarini.

Mimi niliungua hapo hapo. Jirani alikuwa anadai hela ya mahindi, nikamwandikia hati ya madai, akanipa shilingi 20,000. Sheria inataka aliyeandaa hati aandike jina lake na anuani juu ya hati hiyo. Mimi niliacha wazi. Alipofika masijala akaulizwa, "Nani amekuandalia?" Akababaika, akanitaja. Hati ikarudishwa, safari yake ya siku mbili ikapotea bure, na mtaani nikapata jina jipya: kishoka, yaani wakili feki. Nilimrudishia hela yake siku hiyo hiyo. Salamu yake ilichukua zaidi ya mwezi kurudi.

Mji huu mdogo. Jina la kishoka likishakukaa halitoki, na siku utakapoomba kuandikishwa kuwa wakili, mwenendo wako ni sehemu ya yanayotazamwa. Kwa shilingi 20,000 unaweka rehani maisha yote ya mbele.

Ukurasa wa pili andika milango ambayo sheria yenyewe imeiacha wazi. Wahitimu wengi hatuijui, kwa sababu chuoni tulifundishwa tukiwa tunatazama Mahakama Kuu tu. Mahakama ya Mwanzo, katika shauri la madai, inaweza kumruhusu ndugu au mwanakaya amsemee mhusika. Iko kwenye Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa mujibu wa Sura ya 216, sheria ya mabaraza ya ardhi, linamkubali ndugu, mwanakaya, au ofisa aliyeidhinishwa na taasisi iliyosajiliwa. Kwa hiyo kesi ya shamba la baba mdogo unaweza kuisimamia kama mtoto wa nyumba ile, bila kumtoza hata senti, na ukajifunza zaidi ya ulivyojifunza darasani mwaka mzima. Sheria hizi zipo bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Soma toleo la sasa, usitegemee noti za mwaka wa pili.

Hatua ya 2: Kaa ukitazama kwa wiki moja

Kabla ya kutuma barua hata moja, kaa wiki nzima mahali ambapo watu wanahangaika na karatasi. Mimi nilikaa kwenye benchi la steshenari moja karibu na mahakama, nikimsaidia mwenye duka kutoa kopi. Nilidhani nitasikia habari za mauaji na mirathi mikubwa. Nilichosikia kilikuwa kingine: barua ya kuomba kupangiwa tarehe, katiba ya kikundi cha akina mama wanaotaka mkopo wa halmashauri, barua ya kuacha kazi, muhtasari wa kikao cha ukoo, fomu ya kusajili jina la biashara BRELA, mkataba wa tumbaku ambao mkulima ameusaini na sasa anauliza umesema nini.

Andika kila ombi. Mwisho wa wiki utakuwa na picha ya soko la sheria la Tabora lilivyo kweli. Watu wachache sana wanahitaji wakili wa kusimama mbele ya jaji. Walio wengi wanahitaji mtu wa kuisoma karatasi pamoja nao kabla hawajaweka dole gumba.

Hatua ya 3: Nenda kwenye tumbaku

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipopata mkate wangu, na ndipo naona nafasi nyingi zaidi kwa mhitimu wa sheria katika mkoa huu.

Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui vimejaa AMCOS, vyama vya msingi vya wakulima. Kila chama ni chombo cha kisheria chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013. Kina masharti yake, bodi, mkutano mkuu, ukaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, na kinawajibika kwa mrajis, yaani msajili wa vyama hivyo. Kila msimu kinaingia mkataba na kampuni ya ununuzi, kinakopa pembejeo, kinagawa makisio ya uzalishaji kwa wanachama, na sokoni kinakata madeni kutoka kwenye malipo ya kila mkulima. Hebu hesabu mwenyewe ni mikataba mingapi hiyo. Halafu tazama nani anaisoma: mara nyingi ni mwenyekiti aliyemaliza darasa la saba na karani anayejua hesabu vizuri lakini haoni tofauti ya "chama kitawajibika" na "mwanachama atawajibika".

Neno hilo moja limeumiza wengi. Nilihudhuria kikao cha chama kimoja chini ya mwembe. Mzee wa miaka kama sabini alisimama na kikaratasi cha malipo mkononi. Mitumba yake ya tumbaku ilikuwa imepata madaraja mazuri, bani lake la kukaushia halikuungua, deni lake la mbolea alishamaliza. Bado alikuwa amekatwa. Akauliza kwa upole kabisa, "Hili deni la nani?" Lilikuwa la wenzake walioshindwa kulipa, na mkataba wa mkopo ulikuwa umekifunga chama chote kwa pamoja. Hakuna aliyemdanganya. Ni kwamba siku ya kusaini hakuna aliyesimama kuwafafanulia kipengele kile kwa Kiswahili cha kueleweka.

Namna ya kuingia ni hii:

1. Chagua vyama vitatu, usichague kumi. Anza na cha kijiji ambako una ndugu, wakujue ni mtoto wa nani.

2. Nenda kwa mwenyekiti, usiende na barua pepe. Salimia kwa adabu, "mwangaluka" yako iwe tayari, kaa utakapoonyeshwa, eleza shida yako ukishaulizwa.

3. Omba kazi ya msimu: karani wa soko au mwandishi wa mihtasari. Masoko hufunguliwa karibu na Aprili au Mei, kwa hiyo uwe umejitokeza miezi kadhaa kabla. Usione ukarani ni mdogo kwako. Mihtasari ndiyo roho ya chama. Ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu chama kinachoweza kukopa, unapitishwa na mkutano mkuu, na muhtasari ukiwa mbovu mrajis anaurudisha na pembejeo zinachelewa.

4. Jitolee kitu kimoja bure: kuusoma mkataba wa msimu, kipengele kwa kipengele, mbele ya wanachama, kwa Kiswahili. Nani anabeba hasara mvua ya mawe ikipiga? Bei imetajwa kwa dola au shilingi? Mkulima akibishana daraja na mteuzi, yule anayepanga madaraja ya tumbaku sokoni, analalamika wapi na ndani ya siku ngapi?

5. Ukishaaminika, omba ajira yenye mshahara: katibu au meneja. Ukiwa ofisa wa chama mwenye barua ya kuidhinishwa, ile Sura ya 216 inakuruhusu kukisemea chama kwenye Baraza la Ardhi. Mstari wa hatua ya kwanza hujauvuka.

Ada ya usomaji usitoze mkulima mmoja mmoja. Pokea mshahara au posho kutoka kwa chama, kwa risiti. Ni salama kisheria, na hakuna atakayesema umemla mkulima.

Hatua ya 4: Jifunze sheria ya kazi mpaka ikukae kichwani

Mlango wa pili kwa upana ni migogoro ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 haimlazimishi mfanyakazi wa kawaida kuwa na wakili. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ilimruhusu aje na wakili, au ofisa wa chama chake cha wafanyakazi, au mwakilishi binafsi aliyemchagua mwenyewe. Sheria za kazi zimerekebishwa mara kadhaa, kwa hiyo fungua toleo la sasa usome kifungu cha uwakilishi kabla hujamwambia mtu "twende".

Ukijua mambo mawili tu utawaokoa watu. La kwanza ni muda: aliyeachishwa kazi ana siku 30 kupeleka lalamiko, madai mengine, kama malimbikizo ya mshahara, siku 60. La pili ni fomu: lalamiko linapelekwa kwa Fomu Na. 1 ya CMA, na aliyechelewa anaambatanisha Fomu Na. 2 ya kuomba muda uongezwe, akieleza sababu za kweli.

Mlinzi mmoja wa usiku alinijia siku ya arobaini. Bosi alimwambia kwa mdomo "kuanzia leo usije", akawa anangoja aitwe tena, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa mwaka uliopita. Katika mfuko wa koti alikuwa na karatasi moja tu, ratiba ya zamu yenye jina lake na sahihi ya msimamizi, imekunjwa mpaka mikunjo imekatika. Nilimwambia asiipoteze, maana hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba alikuwa mwajiriwa. Tukakaa mezani kwa shangazi, akaeleza, nikamsaidia kupanga maelezo yake kwa tarehe. Fomu alijaza kwa mkono wake mwenyewe. Alipata muda wa nyongeza. Usuluhishi ulipokaa, mwajiri alilipa notisi na mshahara aliokuwa anadaiwa, wakaachana wakiwa wanasalimiana.

Sasa, ajira iko wapi hapo? Iko pande zote mbili za meza. Upande wa wafanyakazi kuna vyama vya wafanyakazi kama TUICO, vinavyohitaji watu wa kuwasemea wanachama na vinawalipa mshahara. Upande wa waajiri kuna shule binafsi, gesti, kampuni za ulinzi na viwanda vidogo vyenye wafanyakazi thelathini na hakuna hata faili moja lililokamilika. Andaa sampuli nne: mkataba wa ajira, barua ya onyo, notisi ya kikao cha nidhamu, hati ya utumishi, zote zikifuata Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Nenda nazo kwa mwenye shule ukaombe kazi ya ofisa utumishi. Mweleze kwa lugha ya hela: kumfukuza mtu bila kikao kunaweza kumgharimu mishahara ya miezi mingi. Atakusikiliza.

Hatua ya 5: Ardhi, lakini uongeze cheti

Kuna bahati tuliyo nayo Tabora na hatuitumii: Chuo cha Ardhi kipo hapa hapa mjini, kinafundisha mambo ya ramani na usimamizi wa ardhi ngazi ya cheti na stashahada. Mtu mwenye shahada ya sheria anayeweza pia kusoma ramani ya upimaji ni adimu, na kampuni za upimaji na urasimishaji zinamhitaji. Ninajua kurudi darasani na watoto wa kidato cha nne kunauma. Kumaliza mwaka mwingine chini ya miembe kunauma zaidi.

Ukiwa huko, ushike vizuri Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, hasa mipango ya matumizi ya ardhi na hati za haki miliki za kimila. Vijiji vyetu vina wakulima, wafugaji na warina asali wanaogombea pori lile lile. Ujue pia mabadiliko ya 2021: baraza la kata haliamui tena kesi ya ardhi, linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anakwenda Baraza la Wilaya. Bado kuna watu wanashikilia "hukumu" za kata zilizoandikwa baada ya hapo. Kuwaambia mapema ni kuwaokolea nauli.

Hatua ya 6: Serikalini, soma sifa hadi nukta ya mwisho

Fungua akaunti kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, pakia vyeti vilivyothibitishwa, na ingia kila Jumatatu. Uhakimu na uwakili wa serikali usivipotezee muda kwa sasa, vinataka Law School. Ofisa sheria naye mara nyingi ni hivyo hivyo, ila tangazo hutofautiana, kwa hiyo lisome lote.

Kazi ambayo wahitimu wa sheria wanaidharau ni utendaji wa kata na wa kijiji. Kwenye fani zilizokuwa zikikubaliwa katika matangazo hayo, sheria imo. Mtendaji ndiye serikali ambayo mwananchi anaiona kwa macho: anapokea malalamiko, anaandika mihtasari, anasimamia sheria ndogo. Ukitaka kuongeza makali, Chuo cha Utumishi wa Umma, kile wazazi wetu wanachokiita Chuo cha Uhazili, kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu. Mwanasheria anayejua kupanga masijala hakosi pa kushika.

Hatua ya 7: Milango midogo, chagua mmoja

Tangu mabadiliko ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kazi ya kutafsiri hukumu, mikataba na kanuni imekua. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ndilo la kuliendea upate ithibati ya utafsiri. Usambazaji wa nyaraka za mahakama una kanuni zake za 2017 na mafunzo yake yako Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zijisajili na ziwe na ofisa wa kuzilinda. Hospitali binafsi na SACCOS nyingi za mkoani hazijajua zianzie wapi. Na ukipenda kuhudumia watu bure, Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Ulizia katika halmashauri namna ya kujiunga na shirika lililosajiliwa. Huko hakuna ada ya kumtoza mwananchi, lakini mashirika mengine huajiri, na jina jema hujengwa hapo haraka.

Usishike yote manne. Nilijaribu, nikawa mtu wa vipeperushi tu.

Hatua ya 8: Law School iwekee tarehe, usiiwekee kilio

Kama bado unautaka uwakili, na mimi bado nautaka, andika mwaka kwenye daftari. Fungua akaunti ya akiba ambayo kadi yake unamwachia mtu mgumu wa kutoa. Yangu iko kwa shangazi. Bodi ya Mikopo, HESLB, imeanza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa Law School, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka husika mara unapotoka. Kama ulifeli, omba kujua masomo yaliyokuangusha, kisha tumia kazi uliyo nayo kuyajenga: uandishi wa nyaraka unajifunza kwenye mihtasari ya AMCOS, maswali ya mashahidi unayasikia kila siku kwenye benchi la nyuma la mahakama ya wazi. Hakuna anayekutoza kiingilio pale.

Na kwa nyumbani, sema mapema. Nilipomwambia shangazi kwamba mimi si wakili, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Aliuliza, "Kwa hiyo ile barua ya mlinzi uliisaidiaje?" Nikamweleza mambo ya siku 30 na fomu. Akasikiliza hadi mwisho, akasema kuna mama mwingine kanisani kwao, mwanawe amefukuzwa gesti wiki iliyopita, nikamwone kesho asubuhi kabla siku hazijaisha.